Kona ya Kibao cha Kinyozi

9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huku kwangu wote wazima. Mke wangu anakusalimu, na zile soksi ulizomtumia mtoto zimeshaanza kumbana lakini hataki kuvuliwa, analala nazo. Nimesikia goti la mama limepoa. Mwambie dada yako asipande tena kwenye stuli kutafuta vitu juu ya kabati, mkaza mjomba yupo na ni mrefu. Wewe sijui, maana barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno, nikaigeuza nyuma nikitafuta iliyobaki.

Najua simu huitaki. Unasema sikio moja limechoka na la pili halipendi kelele. Basi nisome.

Nimeacha kazi ya ghala. Sasa natundika picha kwenye jumba la sanaa. Usicheke! Kazi yenyewe ina adabu zake. Unavaa glavu nyeupe, unapima kutoka sakafuni mpaka macho ya mtu wa kawaida, unaweka pima maji juu ya fremu kuona haijainama, halafu unarudi nyuma hatua tano na kumwangalia bosi usoni. Bosi ndiye msimamizi wa maonyesho, anayeamua picha ipi ikae wapi na jirani yake awe nani. Tunamwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni, hata akienda kula. Siku ya kwanza alinihamishisha picha moja mara sita, vidole viwili huku, kidole kimoja kule. Nilimlaani moyoni. Mara ya sita nikaona mwenyewe kwamba sasa chumba kimekaa. Mjomba, yule mama ana jicho. Nilidhani wewe peke yako ndiye unayeweza kuona unene wa unywele.

Na wachoraji wenyewe! Yuko dada mmoja anachora kwa masizi. Anakwangua sufuria za wanawake wa mtaani kwake, halafu kila mwanamke anamchora kwa masizi ya sufuria yake mwenyewe. Nimetundika kumi na mbili na sikuona hata mbili zenye weusi sawa. Na yuko mzee anayechora viti vitupu tu, lakini ukikitazama kiti unamjua aliyenyanyuka sasa hivi kama alikuwa na hasira. Jioni nikitoka kazini natembea nikitazama viti vya watu.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Onyesho linalofuata ni la vibao vya maduka vilivyoandikwa kwa mkono. Vimekusanywa kutoka miji mingi, karibu arobaini. Jana nikafungua kimoja kilichofungwa blanketi, nikakaa chini. Ni kile cha kinyozi, cha vichwa vitatu. Chako. Nilikushikia ngazi chini ya kibao kile tangu nina miaka kumi. Na kikaratasi cha maelezo kimeshachapwa: “Mchoraji hajulikani.” Imeniuma. Niruhusu niseme.

Mpwa wako,
Gundi


2 Machi

Gundi,

Marahaba. Sisi tupo. Mama yako amesema goti ni lake na stuli ni yake, kwa hiyo uendelee na picha zako. Mkaza mjomba wako amehamishia makopo yangu ya rangi bandani, eti yananuka. Miaka yote hayakunuka, yameanza kunuka mwaka huu.

Usishangae mwandiko. Binamu yako yuko likizo, mimi nasema yeye anaandika, apate kunyoosha herufi zake. Zinalala chali.

Nimefurahi na kazi yako, tena sana. Barua yako nimesomewa mara tatu. Nilidhani jina la Gundi litakwisha ukikua, kumbe ulikuwa unanigandia ili ujifunze kutazama. Mwambie dada wa masizi apulizie maji ya wanga, membamba kabisa, kwa mbali, akisubiri kila tabaka likauke. Bila hivyo baada ya miaka mitano wanawake wake watamwanguka wote sakafuni. Mama Futi huyo ningependa kumwona akifanya kazi. Mtu anayejua kurudi nyuma hatua tano ni wa kuheshimiwa, maana wengi hujua kusogea mbele tu.

Kuhusu lile jambo lako, hapana. Usinitaje. Kibao ni cha kinyozi, na kinyozi amefariki, na mwanawe akaona afadhali akiuze kuliko kukitundika. Hapo mimi ninaingilia wapi? Wakilijua jina watataka na mtu, na mtu wakimpata watataka achore. Nimestaafu. Niapie kwamba hutasema.

Lakini niambie kimekaaje. Bluu ya chini bado ipo? Na nywele za kichwa cha pili? Nyeusi ile ilikuwa mbovu, nilijua itageuka kahawia. Kibao kilichopauka ni aibu ya aliyekipaka, hata kama hakuna anayemjua. Yeye mwenyewe anajijua.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto ameota jino na ameniuma nalo. Mengine salama. Mama amenitumia salamu kwa mtu, eti goti limerudi. Stuli hiyo.

Nimeapa, sitasema. Ila sijaelewa. Na jambo jingine: siku zote ulikuwa unamaliza barua kwa kuchora kibrashi kidogo chini ya jina. Mara hii hakuna. Au binamu naye anajifunza kuchora?

Dada wa masizi nimempa maneno yako, nikasema nimeyapata kwa fundi mmoja. Akajaribu kwenye kipande, akakifuta kwa kidole, hakikutoka kitu. Alinishika mikono yote miwili. Nilitamani ungemwona.

Vibao vyote vimeshafika na Mama Futi halali. Amevipanga sakafuni, anapita katikati bila viatu, kisha anafumba macho na kusimama. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anasikiliza kipi kinakiita kipi. Mwingine angesema hivyo ningecheka, lakini baada ya hapo alichukua kibao cha fundi saa na kukiweka kando ya kile cha muuza maziwa, na mishale ya saa ikawa inauelekea mdomo wa chupa. Hakuna aliyekuwa ameona.

Cha kwako amekipa ukuta mzima, mlangoni, peke yake. Anasema ndicho bora kuliko vyote. Fremu nimekitengenezea mimi, ya mbao nyeupe. Lakini mjomba, nikuambie kweli kwa sababu umeuliza. Kimepauka. Bluu imekuwa kama shati la shule lililofuliwa mpaka mwisho wa mwaka, na yule jamaa wa katikati nywele zake zimekuwa kahawia kama ulivyosema. Watu watakuja kutoka mbali wasimame mbele yake. Maneno yako ya aibu hayanitoki kichwani.

Jumatatu jumba hufungwa, na Mama Futi anakwenda kumfuata mzee wa viti shambani kwake. Nitabaki na vibao peke yangu.

Gundi wako


28 Aprili

Gundi,

Marahaba ya shikamoo ambayo hukuituma. Ni mwezi na zaidi. Huku salama, mama yako goti limetulia tena, na stuli imevunjika, Mungu ni mkubwa.

Onyesho si lilifunguliwa mwanzoni mwa mwezi? Nimekaa hapa kama mtu aliyempeleka mwanawe kwenye mtihani. Watu walikuja? Walisimama wapi? Walisema nini kuhusu vichwa? Dada wa masizi hajambo?

Likizo ya binamu yako imeongezwa kidogo, ndiyo maana mwandiko ni wake.

Nijibu.

Mjomba wako


11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, shughuli zilikuwa nyingi. Sisi hatujambo. Mtoto anasimama akishika meza. Mke wangu amepanda mboga kwenye madebe matatu nyuma ya nyumba na zimeota vizuri. Mvua zimekuwa za wastani. Barabara ya kwetu wameanza kuitengeneza, vumbi ni jingi, madirisha tunafunga mchana kutwa. Juzi nilitengeneza kabati la jirani, mlango ulikuwa unaning'inia. Onyesho lilifunguliwa na watu walikuja wengi.

Msalimie mama na mkaza mjomba. Binamu naye, na likizo yake.

Gundi


30 Mei

Gundi,

Marahaba. Wote wazima. Sasa acha kunizungusha.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, polepole. Ina madebe matatu, ina vumbi, ina mlango wa kabati la jirani. Mama Futi hayumo. Katika barua zako mbili za kwanza yule mama alikuwa kila mahali, hata nikaanza kumhurumia mkeo. Na mtu mwenye kazi hawi nyumbani mchana kutwa kufunga madirisha.

Umefanya nini? Nimekufahamu tangu ulipomwaga kopo la rangi nyekundu ukalifunika kwa mkeka na kukaa juu yake mpaka jioni. Nyanyuka kwenye mkeka.

Mjomba wako


16 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Nanyanyuka.

Ile Jumatatu nilifungua fremu, nikakilaza kibao mezani, nikakipaka.

Nilianza na nywele za kichwa cha pili, nikasema basi, nitaishia hapo. Lakini zilipokuwa nyeusi, bluu ikaonekana imekufa zaidi. Nikanunua bluu, nikatia tone la nyeusi kama unavyotia wewe, nikakipaka chote kuzunguka vichwa na herufi. Nilifurahi, mjomba. Nilikuwa napiga mluzi. Nilikuwa nakuondolea aibu. Kwetu si ndiyo kazi? Kila mwaka kabla ya mvua tunapita mlango kwa mlango, tunaamsha rangi, na mwenye duka anashukuru. Wala haikunijia kwamba mahali hapa ni kosa. Nilikuwa nimevaa hata glavu zao.

Mama Futi alirudi Jumatano na mzee wa viti. Akaingia, akaona ukuta, akasimama. Hakupaza sauti. Alisogea akagusa bluu kwa ncha ya kidole, ikamwachia alama. Kisha akaniambia neno moja tu: “Nilikukabidhi ukitunze, wewe ukakisahihisha.” Nilitamani ardhi ipasuke. Afadhali angenitukana.

Alinieleza baadaye, akiwa amekaa, amechoka. Kwamba kule kupauka kulikuwa sehemu ya kibao. Jua la miaka yote ile lilikuwa limefanya kazi yake, na mimi nimelifuta kwa siku moja. Akaniuliza kwa nini. Akaniuliza mara tatu, kwa upole, kama mtu anayekutafutia mlango wa kutokea. Ningesema ni kibao cha mjomba wangu na ni desturi yetu, angenielewa. Lakini nilikuwa nimekuapia. Nikasema niliona kimechafuka.

Basi akakiteremsha. Ukuta wa mlangoni umebaki mtupu, na kikaratasi cha “Mchoraji hajulikani” bado kiko pale, na msumari. Ameniambia nikae nyumbani mpaka mtaalamu wa kurekebisha picha aje katikati ya Julai aseme kama rangi yangu inaweza kutoka. Ikishindikana, sina kazi, na nadhani hakuna jumba jingine litakalonipokea, maana habari imeenea. Dada wa masizi alikuja kuniona. Alileta machungwa, akakaa, akanimenyea moja.

Sikukuandikia kwa sababu ungeniambia sema jina langu, na ningejua umelisema kwa kunihurumia. Au usingeniambia. Nilikuwa naogopa yote mawili.

Sijutii kiapo. Najuta kwamba nimemwangusha yule mama. Sijawahi kufanya kazi na mtu ninayempenda hivyo kwa kazi yake, nikikutoa wewe.

Gundi


27 Juni

Gundi,

Salamu za nyumbani utazipata siku nyingine.

Kona uliiacha?

Nakuuliza ile kona ya chini, mkono wa kulia. Ulipokuwa unanisaidia nilikuwa nakuambia kila mara, acha kona, nawe ulikuwa unaacha bila kuuliza. Sikukueleza kwa sababu hukuuliza, na mimi si mtu wa kueleza. Sasa sikiliza.

Mwaka wa pili wa kibao kile, yule kinyozi, Mungu amrehemu, alitazama kazi yangu akasema nimekiosha kwa sabuni tu. Niliwaka. Mwaka uliofuata nikaacha kipande kwenye kona, upana wa njiti ya kiberiti, bila kukipaka, ili aone kwa macho yake jana kilikuwaje na leo kikoje. Akanilipa. Mwaka uliofuata nikaacha njiti nyingine ndani ya ile. Tangu hapo ikawa kila mwaka, na baadaye si kwa ajili yake tena. Chini pale kuna ngazi ya bluu, mstari mmoja kwa mwaka mmoja. Kuna mmoja wa kijani, mwaka ambao bluu ilikosekana mji mzima nikachanganya nilichokuwa nacho. Huo ndio mwaka uliozaliwa wewe. Kinyozi alilalamika mpaka mvua ikaisha.

Kwa hiyo mwambie Mama Futi, kwa heshima zote, kwamba jua analolilia halikufanya kazi peke yake. Kibao kile kimepakwa juu ya kibao, juu ya kibao. Fremu yako nyeupe, fundi wangu, nadhani imeifunika kona, ndiyo maana hata yeye na jicho lake hakuona. Avue fremu. Kama mkono wako ulikumbuka, ataona. Kama haukukumbuka, mwambie hivyo hivyo, na umwambie jina langu. Nakufungulia kiapo.

Na ya mwisho nimalize, maana wewe umenyanyuka kwenye mkeka na mimi bado nimekalia wangu. Binamu yako hayuko likizo. Anakuja baada ya kazi yake ananiandikia, kwa sababu mkono wa kulia unatetemeka. Ulianza miaka tisa iliyopita, muda mfupi baada ya wewe kuondoka. Kwanza mistari mirefu, baadaye na herufi, sasa na kijiko. Kila mwaka kabla ya mvua kinyozi aliniuliza tunapaka lini, nami nikamwambia kibao bado kinang'aa. Miaka sita nilimdanganya, na alikuwa anajua, na hakumwita fundi mwingine. Alikufa akiwa na kibao kilichopauka mlangoni kwa kunistahi. Ndiyo aibu niliyokuwa naisema. Sikuwa nakutuma ukaiondoe.

Nenda kesho.

Mjomba wako


22 Julai

Mjomba,

Shikamoo, tena nimepiga magoti kwenye karatasi.

Sikwenda kesho yake, niliogopa siku mbili. Siku ya tatu nikajikaza. Nilimkuta Mama Futi kwenye stoo ya jumba, kibao kiko mezani kimefunikwa shuka. Nikamwomba ruhusa ya kuvua fremu. Akanitazama kama anayesema sasa unataka kukiua kabisa, lakini akanipa bisibisi.

Niliiogopa skrubu ya kwanza mpaka nikakukumbuka, nikaona haya. Nikatoa ubao wa chini. Nikatoa wa kulia.

Iko, mjomba. Niliiacha. Siikumbuki, sikuifikiria, nilikuwa napiga mluzi, na mkono ukapinda wenyewe pale ulipoufundisha.

Mama Futi akavuta taa. Akachukua kioo cha kukuzia. Nikamsomea barua yako yote, isipokuwa habari ya mkono, hiyo ni yako. Alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo akifuata mistari kwa ncha ya futi bila kugusa. Alipofika kwenye kijani akanitazama usoni, akarudi kuhesabu. Thelathini na moja yako, na juu yake mmoja zaidi, wa kwangu. Kisha akaanza tena mwanzo kana kwamba haamini. Mwishowe akaivua futi shingoni, akaiweka mezani. Sijawahi kumwona bila futi. Akasema, “Miaka yote hii nawatafuta watu wanaojua kutunza, na mjomba wako ameweka kumbukumbu nzima mahali ambapo mimi nimeweka fremu.”

Sasa habari zenyewe. Kazini nimerudi, kwa sharti kwamba nisionekane na brashi ndani ya futi kumi za kitu chochote cha mtu. Kibao kimerudi ukutani bila fremu, na amekipandisha ili kona ifike usawa wa kifua. Wengine wanainama kidogo, hawajali. Foleni inafika mlango wa nje. Mzee wa viti alikaa mbele yake saa nzima, kwenye kiti, halafu akanyanyuka na kukiacha pale, tukaogopa kukiondoa. Dada wa masizi amepiga magoti kabisa. Kikaratasi kimebadilishwa. Kuna jina lako lote, la kwako na la baba yako, na chini yake: “Kimepakwa upya kila mwaka. Tafadhali anza kwenye kona.”

Limebaki moja. Mtaalamu amekuja, amesema rangi yangu bado changa, inaweza kutolewa yote bila kugusa ya chini, ikiamuliwa kabla ya Oktoba. Mama Futi amekataa kuamua. Anasema mwenye kuamua ni fundi. Anakuomba uje uone. Si kuchora, mjomba, hakuna atakayekupa brashi. Uje kuona tu. Njoo na mkaza mjomba, njoo na mama na goti lake.

Gundi


19 Septemba

Gundi,

Marahaba. Tumerudi salama. Mama yako amesimulia mtaa mzima, sasa kwenye hadithi yake jumba lina ghorofa tatu. Mkaza mjomba wako amerudisha makopo yangu ndani, eti bandani yatashika kutu. Hayanuki tena.

Mwandiko huu ni wangu. Unauona ulivyo. Nimeanza Jumamosi na leo ni Jumanne. Binamu yako alitaka kunisaidia nikamfukuza.

Nilipokuwa huko sikukupa jibu, na uliona nilivyokuwa namkimbia Mama Futi chumba hadi chumba. Majumba ya watu nimeyajua maisha yangu yote kwa nje tu, juu ya ngazi, nimewapa mgongo. Sikujua inakuwaje mtu akitazama kazi yako taratibu. Wale wanawake wa masizi nilitaka kuwasalimia mmoja mmoja. Kiti cha yule mzee, kile cha mwisho dirishani, ni kiti cha kinyozi wangu. Hakumjua, lakini ndicho. Nilisimama pale kwa sababu hiyo, si kwa kuchoka miguu kama nilivyokuambia.

Na Mama Futi. Niliuficha mkono mfukoni siku nzima. Wakati wa kuagana akanyoosha wake, nikakosa pa kukimbilia, nikautoa. Uliruka mkononi mwake vile unavyoruka. Hakuuachia, wala hakuuliza, aliusubiri utulie. Yule mama anamwaga heshima bila kupima.

Sasa jibu. Mwambie asitoe kitu.

Nywele za kichwa cha pili umezipaka nzito, jamaa anaonekana amevaa kofia. Pembeni ya herufi ya kwanza umevuka mstari. Ningekuwa juu ya ngazi ningekupiga kofi la kichwa. Lakini bluu ni yenyewe. Nilirudi nyuma hatua tano, nikaitazama, na sikuweza kuona ni wapi nilipoishia mimi. Miaka tisa nilidhani ngazi ile imekwisha. Mstari wa thelathini na mbili ni wako, uache ukauke.

Sitachora tena, Gundi. Nimeliandika, sasa nalo limekauka. Ila mwenye duka la mkate pale njia panda ananiuliza kila mwaka tunapaka lini, na kila mwaka namwambia kibao bado kinang'aa. Wiki iliyopita nilimwambia kweli. Nimekipiga msasa kwa mkono wa kushoto, taratibu, kipo ukumbini kimeegemea ukuta. Mama Futi amekukataza vya kwake, hiki ni chetu. Mvua ni Novemba. Nitakushikia ngazi.

Acha kona.

Mjomba wako

(Hicho hapo chini ni kibrashi. Usiseme kinafanana na samaki.)